Gunia Mbele ya Rejeta

Mwende binti yangu, mama yangu mdogo,

Baba yako ni mtu wa bahati. Wacha nianze hapo, hata kama utasema mzee ameanza majivuno yake. Uliza mtu yeyote kutoka stendi ya Kitengela mpaka kwa wachinjaji wa Kajiado, uliza ni dereva gani gari lake lilimfia porini jua likiwa utosini, na badala ya kuletewa fisi akaletewa punda. Watakuambia ni Mutisya. Wengine wakiharibikiwa na gari hupata wezi. Mimi nilipata usafiri. Siku Mungu alipogawa bahati nilikuwa mbele kwenye foleni, nikachukua yangu na ya jirani, ndiyo maana mabati ya jirani yetu hung'olewa na upepo kila mwaka na yetu yametulia.

Umelala sasa. Mama yako alikuwa huko chumbani kwako tangu jioni, na najua amekupa mawaidha yote: unga, kanisa, wanaume, kufunga mlango kwa komeo na si kwa kufuli peke yake. Sitarudia. Mimi shule niliachia darasa la sita, na hata hiyo sita nilikuwa napita tu kuisalimia. Lakini kuna kitu kimoja nakijua kushinda hao waliokupa diploma, nacho ni pua ya gari. Nitakuandikia habari ya pua ya gari. Usicheke bado.

Mchana ulicheka vya kutosha. Ulisimama pale kwa fundi Njoro umekunja mikono, ukiniangalia nikipima wavu wa waya mbele ya rejeta ya hiyo pikapu utakayoondoka nayo, na Njoro naye, mdomo wake unavyojulikana, akaniuliza, "Mzee Mutisya, hii ni gari ama ni kitanda? Mbona unaiwekea neti ya mbu?"

Nikamwambia, "Wewe pima waya, wacha kupima akili yangu."

"Siwezi kupima kitu sioni," akasema.

Na wewe, badala ya kumtetea baba yako, ukasema, "Baba, hata bibi harusi hafunikwi hivyo. Sasa gari itaona njia kweli?"

Mkacheka nyinyi wawili, na mimi nikacheka kuwashinda. Halafu nikarudi kuupima wavu upya, mara ya pili.

Sasa sikiliza. Rejeta unaijua, nilikuonyesha. Ni ile sahani kubwa mbele ya injini, ina mabomba membamba ya maji na katikati yake vibati laini vimepangwa karibu karibu kama kurasa za Biblia. Upepo unapita kati ya hizo kurasa, unapoza maji, maji yanapoza injini. Upepo usipopita, injini inajipika yenyewe. Na mwezi huu, mvua ikishaanza, kumbikumbi wanatoka ardhini jioni kama moshi. Ukiwapitia kwa mwendo wanaingia kwa hizo kurasa na mabawa yao, na nyuma yao mbegu za nyasi, na nyuma ya mbegu matope, na mwishowe una ukuta. Halafu kuna mawe. Barabara ya Namanga yenyewe inachimbwa, kila mahali ni mchepuko na kokoto, na lori za machimbo yetu hapa hazijawahi kufunga turubai tangu nizijue.

Zamani hatukuwa na wavu wa waya. Tulikuwa na gunia.

Hukuwa umeanza shule. Nilikuwa nanunua mbuzi soko la Bisil na kuwaleta kwa mabucha ya huku, na sisi madereva wa mbuzi mvua ikinyesha tulikuwa tunafunga gunia mbele ya gari kuzuia kumbikumbi. Kila mtu alikuwa na lake. Lakini wenzangu walikuwa na gunia la sukari lililochakaa, mimi nilimpelekea langu mchoraji wa mabango akaliandika kwa rangi nyekundu, herufi kubwa: MTOTO WA BAHATI. Nikipita Isinya watoto walikuwa wanasoma kwa sauti. Kulikuwa na dereva mmoja, marehemu sasa, aliyekuwa ananiambia kila tukikutana, "Wewe Mutisya, gunia lako limesoma kukushinda."

Ubaya wa gunia ni kwamba linazuia kumbikumbi na linazuia upepo pia. Wenzangu walijua. Wakifika mahali gari limepata moto kidogo walikuwa wanalifungua, wanalikung'uta, wanaacha pua ipumue, ndipo wanalifunga tena. Mimi gunia lenye maandishi mazuri hivyo ningelifungua vipi? Mchoraji alikuwa amelivuta likakaa sawa kabisa, herufi hazijapinda hata moja. Nilikuwa nalipangusa kwa nje na kitambaa. Chini yake sikuangalia mvua yote ile.

Na hii njia ya kujivuna unaiona kwangu tu, usidhani haiko kwako. Nimekuona ukiosha hiyo pikapu. Unang'arisha taa na milango, unasahau boneti ina chini.

Siku ninayotaka kukuambia, unaikumbuka. Wewe unaiita siku ya punda. Mama yako alikuwa ameenda Ukambani kwa mazishi ya mjomba wake, na alikuwa ameniambia wazi, "Mtoto umwache kwa jirani." Nikakubali. Alipopanda gari tu nikakuweka mbele kando yangu, kwa sababu nilitaka watu wa Bisil wakuone. Ulikuwa na rinda la manjano. Na nilitaka pia, sitaficha, wewe uone vile watu wa Bisil wananisalimia.

Tukitoka Kitengela asubuhi kulikuwa na lori la kokoto mbele yetu, nikalikaribia sana, nikipiga honi, nataka dereva wake ajue ni nani yuko nyuma. Mawe yalikuwa yanaruka. Moja likaingia mbele na sauti kama shilingi ikianguka kwa karai. Ukaniuliza, "Baba, ni nini hiyo?" Nikakuambia, "Ni salamu, mama. Lori linatusalimia." Sikusimama. Kusimama ni kuliacha lile lori liende.

Sokoni bei ilinishinda, sikununua hata mbuzi mmoja. Wewe ulipewa maziwa ya kibuyu na mama mmoja, ukayanywa yote kwa adabu, na tumbo lako halikuwa limeyazoea. Tulipoanza kurudi nikaacha barabara, nikakata njia ya ng'ombe kwenye mbuga, ile inayotokea karibu na Kajiado. Hakuna aliyeniambia niipite. Nilidhani mtu kama mimi hawezi kurudi mtupu na bado apite njia ya kila mtu.

Ukaanza kutapika. Nikasimama nikakupangusa, tukaendelea. Ukatapika tena. Na hapo mshale wa joto ukaanza kupanda. Unajua nilifanya nini? Niliugonga na kidole. Nilidhani mshale ndio umeharibika. Mpaka leo nikiona mtu anagonga mshale wa joto na kidole, namwambia azime gari.

Moshi ukatoka. Nikazima. Nikafungua gunia, na mama, ndani yake kulikuwa na kitu kama magazeti yaliyoloweshwa. Mabawa, nyasi, tope, vyote vimeshikana. Nikavibandua na kucha. Tulikuwa na mtungi mmoja wa maji, wa njano, na huo mmoja ulikuwa wa gari na wetu pia. Nilifunika mkono na shati nikazungusha kifuniko cha rejeta kabla hakijapoa. Hii alama niliyo nayo kwa mkono, ambayo mama yako hukuambia ni mafuta ya maandazi, ni mvuke wa siku hiyo.

Wewe ukasema, "Baba, maji."

Nikasema, "Subiri kidogo, gari linywe kwanza, halafu litupeleke nyumbani, unywe soda."

Nikamimina. Nikamimina yote, Mwende. Nilijiambia gari likiwaka tutafika Kajiado haraka na wewe utapona, na hiyo haikuwa hesabu mbaya, kama rejeta ingekuwa nzima. Yale maji yalipita juu na kutokea chini. Jiwe la asubuhi lilikuwa limetoboa, na gunia lilikuwa limefunika tundu vizuri, na uchafu ulikuwa umeliziba mpaka mimi mwenyewe nilipoubandua. Mchanga ukayanywa mara moja.

Ukachungulia chini, ukasema, "Baba, gari inakojoa!"

Nilicheka. Nilicheka mpaka nikainama, kwa sababu ulikuwa unaniangalia uone kama hiyo ni kitu ya kuchekwa ama ni kitu ya kuogopwa. Ukacheka na wewe. Nikakuimbia, nikakuonyesha twiga, nikakuambia yule ni askari trafiki anangoja gari letu. Halafu ukaacha kucheka. Halafu ukaacha kuitisha maji.

Siku moja ukiwa na mtoto utajua. Mtoto akiwa analilia maji bado mko salama, ana nguvu ya kulia. Wewe ulinyamaza. Nikakubana shavu, ngozi ikabaki imesimama palepale. Macho yako yalikuwa wazi nusu na hayakuwa yananiangalia. Nimeendesha gari usiku, nimeendesha bila breki, nimepita Namanga na mbuzi wasio na karatasi, na nilijiona nimeshamaliza kila aina ya uoga. Hiyo sikuwa nimeiona.

Ndipo yule mama akafika. Alikuwa na punda wawili, wamebeba mitungi ya maji kutoka bwawani. Mimi na Kimaasai changu cha sokoni nikamsalimia, "Takwenya, yeyo." Alikuwa anakuangalia wewe. Akachukua kifuniko cha mtungi, akakaa chini, akakulaza mapajani, akawa anakudondoshea maji mdomoni, tone, anangoja, tone. Mimi nilitaka kukushika kichwa unywe kwa kikombe, akanipiga mkono.

Baadaye ulipoanza kumeza, nikapata ujinga tena. Nikamwambia, "Mama, na ya gari kidogo."

"Gari itakufa?" akaniuliza.

"Haitakufa."

"Basi inyamaze."

Akasimama, akafungua mitungi ya punda mmoja, akaimwaga yote chini. Maji aliyoyafuata tangu alfajiri, nilimwona akiyamwaga hivyo hivyo bila kuniangalia, ili punda awe mwepesi ukae wewe. Akakufunga mgongoni mwa punda na shuka yake. Tukatembea mpaka barabarani, lori la ng'ombe likatuchukua mpaka hospitali ya Kajiado. Wakakuwekea maji kwa mshipa. Ulipoamka, neno la kwanza ukasema, "Punda yuko wapi?"

Kutoka siku hiyo imekuwa siku ya punda. Uliisimulia shuleni. Uliichora, tukabandika ukutani. Nami niliiacha hivyo, nikaibeba hivyo kwa kila kibanda cha chai, nikiongeza chumvi, mpaka punda wakawa wanne na mmoja ana kiti. Nilifurahi kwamba kwako ilikuwa raha. Lakini kesho unapita Bisil, unaenda mbele huko kutibu ng'ombe za watu kwenye njia ambazo hata ramani haizijui, simu yako huko haipati netiweki, na unaenda ukidhani porini watu hupelekewa punda.

Naogopa, Mwende. Nimesema. Nimeogopa tangu barua yako ya kazi ifike, na vile nilivyonunulia watu soda siku hiyo ilikuwa kelele tu. Ningekufuata kwa gari, lakini macho yangu unayajua, taa moja ya lori naiona kama harusi. Nilikuomba wiki jana nikupeleke mpaka Bisil, nikae tu kando, ukaniambia, "Baba, nikishuka na wewe watasema daktari amekuja na mzazi wake." Ulisema kwa mzaha. Ni kweli pia. Nikaenda kuongea na mbuzi.

Kwa hivyo wavu. Njoro ameufunga mbali kidogo na rejeta, kiganja kinaingia katikati, ili upepo uzunguke. Matundu yake ni madogo ya kuzuia panzi na kumbikumbi, makubwa ya kupitisha hewa. Unafunguka kwa vidole bila spana. Nimetaka hivyo kusudi, usiwe na sababu ya kusema utaufungua kesho. Ufungue kila ukifika. Uukung'ute. Na rejeta yenyewe uioshe kutoka upande wa injini kwenda mbele, uchafu utoke ulikoingilia, na maji ya polepole na brashi laini ya viatu. Wale vijana wa kuosha magari na mpira wa nguvu watakulazia vile vibati vyote siku moja, na watakuambia imependeza.

Ukiona kumbikumbi wameanza kuruka, simama. Kaa ndani, funga kioo, wapite. Ng'ombe wa mtu atangoja. Julai ile baridi yetu ikija, utaona madereva wakiweka katoni mbele ya rejeta injini ipate joto asubuhi. Weka, lakini toa kabla jua halijapanda, kwa maana katoni ni gunia tu ambalo halijaenda shule. Lori la kokoto liache liende. Liache likushinde, liache dereva wake akaseme kwao amemshinda daktari.

Na nimekuwekea mitungi miwili nyuma ya kiti. Wa njano ni wa gari. Wa bluu ni wako. Gari likilia, likipiga magoti, likikuapia kwamba tone moja tu litakufikisha, wa bluu usiufungulie gari. Funga milango, kaa kivulini upande wa pili, unywe.

Mama yako ameamka, ameniuliza naandika nini kirefu hivi, nikamwambia ni hesabu ya mbuzi. Amesema, "Mwambie hiyo hesabu ya mbuzi nimeweka njugu kwa mfuko mdogo." Basi njugu ziko kwa mfuko mdogo.

Kitu kimoja nimebaki nacho, na nilikuwa nimeshakunja karatasi nikakunjua tena.

Uliwahi kuniuliza, ukiwa darasa la nane hivi, yule mama alitupataje, kwa sababu njia ya bwawani inapita mbali, ng'ambo ya korongo, na pale tulipokuwa hakuna mtu anayepita. Nikakujibu vile huwa najibu watu wote: bahati ya baba yako. Ukatikisa kichwa ukaamini.

Ulikuwa umelala kwenye kiti, hukusikia. Nilipanda juu ya kabini nikapiga nduru. Sikuita kwa akili, sikupunga shati. Nilipiga nduru kama mwanamke aliyefiwa. Nilikuwa nalia na kamasi. Niliita jina lako, na kwa sababu jina lako ni la mama yangu, sijui nilikuwa namwita nani, mtoto anayekufa ama mama aliyekwisha kufa. Niliita mpaka ikatoka hewa tu. Yule mama aliniambia tukiwa njiani kwamba kule ng'ambo ya korongo alidhani ni simba ameshika mtu. Akaja hivyo hivyo, na punda zake na fimbo, akidhani anakuja kwa simba.

Ukikwama huko, usijaribu kuwa kama mimi wa kibandani. Usikae kwenye gari ukijichekesha mpaka jua lizame. Panda juu, piga nduru mapema, kabla kiu haijala sauti yako. Hakuna atakayekucheka, na akikucheka atakuwa amefika.

Na pale mwanzo niliposema mimi ni mtu wa bahati, nilikudanganya. Sijawahi kuwa nayo.